Kinachorudi Kila Masika Si Dharura Tena



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio mnaolisoma jarida hili na kulisomesha majumbani, wiki hii tunauacha kidogo mwambao wetu na kuelekea magharibi, hadi kaunti mbili zilizo ukingoni mwa Ziwa Victoria: Migori na Homa Bay. Huko nako wako ndugu zetu. Mji mkongwe wa Kendu Bay, katika Homa Bay, una msikiti na nyumba za Waislamu tangu zama za wafanyabiashara wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili waliofuata bandari za ziwa. Migori mjini vilevile adhana husikika mara tano kwa siku.

Lakini hatuendi huko kwa udugu peke yake. Tunakwenda kwa sababu kaunti hizi mbili zinatuuliza swali linalomhusu kila aliyejenga karibu na maji, awe Nyatike au Vanga, Kendu Bay au Garsen. Swali lenyewe ni hili: jambo likirudi kila mwaka, mwezi uleule, mahali palepale, je, bado tuna haki ya kuliita dharura?

Neno hili dharura si la mazungumzo tu. Ni neno la sheria. Juu yake hukaa fedha, magari, mahema na dawa. Anayelitumia vizuri huokoa watu, na anayelitumia vibaya hujificha nyuma yake.

Mafuriko yasiyo na wingu

Mto Kuja, ambao Wakisii huuita Gucha, chimbuko lake liko katika vilima vya Kisii na Nyamira. Kutoka huko hushuka, ukakutana na Mto Migori, kisha ukaingia katika nyanda tambarare za Nyatike kabla ya kumwagika ziwani. Mvua kubwa ikinyesha Kisii usiku, watu wa Nyatike wanaweza kulala chini ya mbingu yenye nyota, na alfajiri wakakuta maji yamefika mlangoni. Wenzetu wa Vanga wanaijua hali hii bila kuelezwa, kwani Mto Umba huteremka kutoka milima ya Usambara, Tanzania, na mara nyingi hufurika Vanga kwa mvua ambayo Vanga haikuiona.

Homa Bay ina shida ya sura mbili. Upande wa Karachuonyo, Mto Sondu, ambao karibu na ziwa huitwa Miriu, hutoka nyanda za juu za Kericho na kumwagika ziwani karibu na mpaka wa Kisumu, ukiyajaza mashamba ya watu njiani. Sura ya pili ni ziwa lenyewe. Ziwa Victoria lina njia moja tu ya kutokea, nayo ni Mto Naili pale Jinja, Uganda. Likijaa, halipungui kwa siku mbili au tatu. Mnamo Mei 2020 lilifikia kimo kilichopita kidogo rekodi iliyowekwa 1964, na katika masika ya 2024 likapanda tena hadi kimo cha juu kabisa. Maji ya mto huja kwa kishindo na kuondoka. Maji ya ziwa huja taratibu, yakaketi sebuleni miezi mingi.

Kaunti hizi si ndogo. Kwa sensa ya 2019, Migori ilikuwa na watu 1,116,436 na Homa Bay watu 1,131,950. Kila moja ina maeneo bunge manane. Mbali na mafuriko, Migori ina mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Macalder, ambayo hutitia na kuwafukia watu, hasa ardhi inapolowa. Ina barabara kuu ya Isebania yenye malori mchana na usiku. Homa Bay ina visiwa vya Mfangano, Remba na Ringiti, ambako wengi wanaougua usiku huanza safari yao ya hospitali kwa mashua.

Tazama basi orodha hii: mto, ziwa, shimo, barabara, kisiwa. Hakuna hata kimoja kilichozuka jana. Kila kimoja kinajulikana kilipo na kinajulikana humdhuru nani.

Mwenye jukumu ni nani?

Wazee wetu watakumbuka kwamba kabla ya Machi 2013 miji na wilaya zilikuwa na mabaraza, ya miji na ya kaunti za zamani. Kazi yao iliyoonekana ilikuwa kutoza ushuru wa soko, kuzoa taka na kugawa vibanda. Janga likitokea, aliyetazamwa alikuwa Mkuu wa Wilaya, na Mkuu wa Wilaya naye alitazama Nairobi. Chakula kilitoka mbali, na mara nyingi kilifika baada ya njaa kuzoeleka.

Katiba ya 2010 ilibadilisha jambo hili. Jedwali lake la Nne linaitaja huduma ya zimamoto na ya kukabiliana na majanga kuwa kazi ya kaunti. Linazitaja pia huduma za afya za kaunti, na ndani yake magari ya kubebea wagonjwa. Lakini jedwali hilohilo linaipa Serikali ya Kitaifa nayo kazi ya kukabiliana na majanga. Kwa hivyo mama wa Nyatike anapokuwa juu ya paa, wenye kumjibu ni wengi. Gavana na mawaziri wake wana zimamoto, hospitali na ambulensi. Kamishna wa Kaunti, pamoja na machifu na manaibu wao, wako chini ya Nairobi na wana vyombo vya usalama na vyakula vya msaada. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ina mkurugenzi wake katika kaunti. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina watu wake wa kujitolea, na mara nyingi ndio wanaoonekana mwanzo wakiwa na mahema na blanketi.

Wingi huu ni neema ukipangwa. Usipopangwa, kila mmoja humsubiri mwenzake. Kazi ya watu wengi ambayo haikugawanywa mapema hubaki bila mwenyewe, na siku ya maji si siku ya kuulizana nani ana mafuta ya mashua. Ndiyo maana kaunti iliyojitayarisha hutambulika kabla ya mvua: ina kamati inayokutana wakati wa kiangazi, ina orodha ya shule na majengo ya kuhamia, ina jina la mwenye ufunguo wa kila jengo, na imekwisha kukubaliana na Kamishna nani atapiga simu ya kwanza.

Kuna na jambo la mipaka. Maji yanayoizamisha Nyatike hutoka katika kaunti nyingine. Gavana wa Migori akijenga tuta refu kiasi gani, kama miti ya vilima vya juu imekatwa, tuta litachoka. Migori, Homa Bay, Kisii na Nyamira zote ni wanachama wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Kaunti za Kanda ya Ziwa, yenye kaunti 14. Umoja kama huo hupimwa kwa mambo madogo: je, mtu aliye juu, anayeuona mto ukivimba, anamjua wa kumpigia simu kule chini? Saa chache za onyo hutosha kumtoa mgonjwa, kumbeba mtoto na kumfungua ng'ombe.

Neno moja katika sheria ya fedha

Sasa tufike kwenye kiini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti, kwa idhini ya bunge lake, kuanzisha Hazina ya Dharura. Malipo yake kwa mwaka hayapasi kuzidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti, kwa hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Tuifanye hesabu iwe wazi: kaunti yenye mapato ya shilingi bilioni 8, na mgao wa Migori na wa Homa Bay kutoka Serikali ya Kitaifa kila mmoja umekuwa karibu na kiasi hicho, haiwezi kutoa katika hazina hiyo zaidi ya shilingi milioni 160 kwa mwaka. Waziri wa fedha wa kaunti akishatoa malipo, anatakiwa kurudi kwa bunge la kaunti ndani ya miezi miwili kutafuta idhini.

Milioni 160 ni nyingi zikitajwa, na ni chache zikigawanywa. Zigawie wadi zote zilizofurika, barabara zilizokatika, dawa za kipindupindu, mafuta ya mashua na unga wa kambi, utaona zinavyoyeyuka.

Lakini jambo kubwa zaidi liko katika sharti la sheria hiyo. Inasema fedha za hazina ni za haja ya haraka isiyotarajiwa. Zingatieni neno hili: isiyotarajiwa. Tetemeko la ardhi halitarajiwi. Moto wa sokoni usiku hautarajiwi. Ugonjwa mgeni, kama ule wa korona uliothibitishwa nchini Kenya 13 Machi 2020, haukutarajiwa. Lakini Mto Kuja kufurika katika masika, je? Watoto wa Nyatike wanaujua mwezi wake.

Basi ikiwa jambo linatarajiwa, mahali pake si Hazina ya Dharura. Mahali pake ni bajeti ya kawaida ya kila mwaka, kama vile mishahara na dawa za hospitali: fungu la matuta ya mto na la kuyakarabati, fungu la kuzibua mitaro, fungu la mashua, fungu la jengo imara la kuhamia lililo juu ya mwinuko, lenye vyoo na tangi la maji. Kuliita jambo hili dharura kila mwaka ni kuchota kila mara katika akiba iliyowekwa kwa ajili ya yale tusiyoyajua, ili kulipia yale tuliyoyajua tukayapuuza. Na siku lisilotarajiwa litakapokuja kweli, kibubu kitakuwa kitupu.

Wahenga wetu walilifupisha wakasema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ghala la Nabii Yusuf na mwaka wa majivu

Sisi tuliosoma vyuoni hatuwezi kulijadili jambo hili bila kumkumbuka Nabii Yusuf (A.S.). Alipoifasiri ndoto ya mfalme hakuishia kwenye kutabiri njaa. Alitoa mpango: kulima kwa bidii miaka saba, kuihifadhi nafaka ndani ya masuke yake isiharibike, kula kwa kiasi na kubakisha. Habari ya hatari bila ghala ingekuwa ni ya kuwatisha watu tu. Kaunti inayotangaza kwamba mvua zitakuwa nyingi, kisha isijaze bohari yake, imefanya nusu ya kazi.

Na kwa upande wa kujibu janga likishafika, tunaye Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) katika ukame wa mwaka wa 18 Hijria, ule ulioitwa mwaka wa Ramada, kwa jinsi ardhi ilivyogeuka rangi ya majivu. Aliwaandikia magavana wake walete chakula, na misafara ikaja. Aliahirisha kukusanya zaka kwa waliokumbwa na ukame. Na yeye mwenyewe alijizuia na samli hadi watu wapate unafuu, hata rangi ya uso wake ikabadilika. Kiongozi alionja kile raia walichokuwa wakikionja. Tofauti ya kaunti inayojibu na inayojionyesha mara nyingi iko hapo: mmoja hufika na magunia na kamera, mwingine hubaki hata kamera zikishaondoka.

Mzigo huangukia kichwa cha nani?

Tusidanganyane: maji yakiingia nyumbani, mwenye kuyabeba ni mama. Yeye ndiye atakayetafuta kuni kavu, atakayechemsha maji, atakayemtuliza mtoto, na atakayelala akiwa macho katika darasa la shule lenye familia kumi.

Kambi za mafuriko katika sehemu hizi huwa aghalabu ni shule na makanisa, na penye msikiti, msikiti. Mwaka 2024, mvua za Machi hadi Mei ziliua watu karibu 300 nchini kote, na serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei. Kila siku darasa linapokuwa bweni, kuna mtoto asiyesoma. Kwa hiyo jengo maalumu la kuhamia si anasa. Ni haki ya mkimbizi na ya mwanafunzi pia.

Na katika kambi hiyo stara iko wapi? Mpango wowote wa kaunti usiotaja vyoo vya wanawake vilivyo mbali na vya wanaume, taa ya usiku njiani, pazia la kumstiri mzazi na mwenye kunyonyesha, na sodo za wasichana, umeandikwa na watu ambao hawajawahi kulala kambini. Mambo haya hayana gharama kubwa. Yana gharama ya kufikiriwa tu. Binti anayeogopa kwenda chooni usiku yumo hatarini ndani ya mahali palipoitwa salama.

Kuna na mgonjwa asiyeonekana. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya ukimwi yalikuwa asilimia 19.6 ya watu wazima katika Homa Bay, na asilimia 13 katika Migori, ilhali wastani wa nchi ulikuwa chini ya 5. Hili halitajwi kwa kumvunjia mtu heshima. Linatajwa kwa sababu dawa zao ni za kila siku, na mafuriko hayajui tarehe ya kliniki. Daraja likivunjika, dozi inakatika. Kaunti yenye busara katika kanda hii huwapa wagonjwa dawa za miezi kadhaa kabla ya masika, na huhakikisha kila kambi ina mhudumu anayejua kuzitunza siri za watu. Ni vivyo hivyo kwa mwenye sukari, mwenye shinikizo la damu na mjamzito aliyekaribia siku zake.

Kisha hufuata kipindupindu. Mwanzoni mwa 2015 ugonjwa huu uliripotiwa katika Migori na Homa Bay, na kabla ya mwaka kwisha ulikuwa umesambaa katika kaunti nyingi, huku kwetu Mombasa ikiwemo. Njia yake ni moja: vyoo vinabomoka au kujaa, uchafu unaingia kisimani na ziwani, na watu wanakunywa. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwamba tauni ikiwa katika mji, aliye nje asiingie na aliye ndani asiikimbie akatoka, na Sayyidna Umar aliyafuata mafundisho hayo alipogeuza safari yake ya Sham. Kaunti hutekeleza maana hiyohiyo inapofungua kituo cha matibabu karibu na wagonjwa badala ya kuwasafirisha, inapotia klorini visimani, na inapomwambia mwenye msiba asiandae chakula cha halaiki. Agizo hili la mwisho ni gumu kwetu na kwa wenyeji wa ziwa pia, maana sote tunaheshimu matanga. Lakini kuwazika waliokufa hakuhitaji kuwaua waliobaki.

Wa kwanza kufika ni jirani

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba, upande wa Tanzania. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafariki. Waliofika mwanzo kwa mashua na makasia yao walikuwa wavuvi. Sisi wa mwambao tunayo kumbukumbu yetu chungu: 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe kilipozama na watu 272 kufariki, mita chache tu kutoka ardhini.

Somo ni kwamba serikali, hata ikiwa njema, haifiki mwanzo. Gari la zimamoto lililo Migori mjini haliwezi kuuwahi moto wa Muhuru Bay. Boti ya uokoaji iliyo Homa Bay mjini haiwezi kumuwahi anayezama Remba. Basi kazi ya kaunti ni kumwezesha yule atakayefika mwanzo. Vile vitengo vya kusimamia fuo, tunavyoviita BMU huko na huku, vina orodha ya mashua na wenye mashua. Vikipewa makoti ya kuokolea, mafuta ya akiba na mafunzo ya huduma ya kwanza, kaunti itakuwa imepata kikosi cha uokoaji katika kila ufuo bila kujenga hata ofisi moja. Vilevile wahamasishaji wa afya ya jamii, wapatao 100,000 nchini, waliokabidhiwa mikoba ya vifaa Septemba 2023. Wengi wao ni akina mama, wanaozijua nyumba za wajane, za vipofu na za walemavu. Orodha iliyo kichwani mwao ni bora kuliko ramani nyingi.

Wenyeji wa Kendu Bay wana kisa chao juu ya ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo karibu na mji. Husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji, akaja bibi kizee usiku wa mvua kuomba hifadhi, watu waliokuwa katika starehe wakamfukuza, na maji yakakimeza kijiji chao. Hicho ni kisa cha wazee, hatukipi daraja ya kuwa dalili. Lakini kinatuonyesha kwamba watu wa huko, kabla ya sheria na bajeti, walikwisha kujua kuwa usalama wa mji hupimwa kwa jinsi unavyompokea asiye na pa kulala.

Tuulize nini, na tuulize lini?

Lawama za Mei hazijengi tuta. Ratiba ya fedha za kaunti, kwa mujibu wa sheria, ni hii: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti ifikapo 1 Septemba. Mwelekeo wa mapato na matumizi hupelekwa ifikapo 28 Februari. Makadirio ya bajeti hufika ifikapo 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai. Katika hatua hizi wananchi wana haki ya kusikilizwa.

Angalieni jinsi tarehe zilivyokaa. Aprili, makadirio yanapowasilishwa, ndipo maji yanapokuwa majumbani. Aliye kambini hahudhurii kikao. Kwa hiyo sauti ya mama wa Nyatike au wa Karachuonyo, na ya mama wa Tana River vilevile, isikike mapema, kuanzia Agosti, ardhi ikiwa kavu. Kikundi cha akina mama, kiwe cha chama cha kuweka na kukopa au cha darsa la msikitini, kinaweza kumwendea mwakilishi wadi kikiwa na maswali matano tu:

1. Ni fungu gani katika bajeti ya kawaida, si katika Hazina ya Dharura, lililowekwa kwa mafuriko ya wadi hii?
2. Mwaka jana Hazina ya Dharura ililipa nini, na taarifa yake ililetwa bungeni?
3. Tukihama, tunahamia jengo gani, na ufunguo uko kwa nani?
4. Nani atatupa onyo, kwa lugha gani, na kwa njia gani ikiwa simu hazina moto?
5. Mjamzito wa usiku, au aliye kisiwani, anabebwa na chombo gani?

Swali la nne lina uzito wake. Mwaka 2023 wananchi walisikia kwanza kwamba mvua za El Nino zinakuja, kisha Oktoba wakaambiwa haziji, na Novemba zikaja na kuua watu. Onyo linalopishana humfanya mtu aketi alipo. Habari iwe moja, itoke kwa wenye ujuzi, na ifikishwe na anayeaminika: chifu, imamu, padri, mwenyekiti wa ufuo. Kipaza sauti cha msikiti kinachotangaza janaza kinaweza pia kutangaza maji.

Na nyumbani kwetu je?

Kuihoji kaunti hakutuondolei wajibu wetu. Kumtegemea Mwenyezi Mungu huja baada ya kumfunga ngamia, kama Mtume (S.A.W.) alivyomwelekeza yule bedui. Kila nyumba iliyo karibu na maji iwe na mfuko mmoja wa plastiki uliofungwa vizuri, wenye vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, hati ya shamba na dawa za kila siku. Watoto wajue mahali pa kukutana wakipotezana. Namba za 999 na 112, na ile ya Msalaba Mwekundu, 1199, ziandikwe mlangoni, si ndani ya simu tu.

Na kila msichana wetu ajue kutengeneza maji ya kumwokoa anayeharisha: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote kwa kijiko cha kusawazisha. Anyweshwe kidogokidogo, bila kukoma, wakati safari ya hospitali inaandaliwa. Mama mwenye elimu hii ameshafungua kituo cha dharura jikoni mwake.

Mito itaendelea kushuka, ziwa litaendelea kupanda na kushuka, kwani hayo ni katika amri ya Aliyeyaumba. Lililo katika uwezo wetu ni kwamba maji yatakapokuja tena Nyatike au Karachuonyo, yamkute mama amekwisha kupanda mlimani, ndani ya jengo lililojengwa kwa fedha zilizopangwa mchana kweupe, pamoja na wanawe na dawa zake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu wa ziwani na wa mwambao, awape viongozi wetu uoni wa Nabii Yusuf katika kuweka akiba na huruma ya Sayyidna Umar katika kuigawa. Amin.